Kumi na Saba au Mia na Hamsini?

Mtaa wa Mbugangari, pale Gisenyi, uliamshwa kila asubuhi na cherehani ya fundi Faradji. Na kama cherehani haikukuamsha, Faradji mwenyewe alikuamsha. Mzee yule alipenda kuongea, jamani! Aliongea na wateja, aliongea na wapita njia, na wote wakikosekana aliongea na cherehani.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Misukosuko ya vita ilianza kupungua, na watu walikuwa wanarudi kwenye kazi zao. Mke wa Faradji, Drocella, alikuwa muuza vitenge. Watu walimwita Mama Belise, kwa jina la binti yao aliyeolewa ng'ambo, Goma. Siku za soko alivuka bariyeri ya mpaka kati ya Rwanda na Kongo, akachagua vitenge Goma, akarudi navyo kichwani.

Faradji alikuwa Mwislamu, Drocella alikuwa Mkristo. Ijumaa mmoja alikwenda msikitini. Jumapili mwingine alikwenda kanisani. Siku zilizobaki waligombana kidogo na kucheka sana. Waliishi hivyo miaka thelathini na moja.

"Mama Belise, umeisha kunywa dawa?" Faradji aliuliza kila asubuhi.

"Baba Belise, hata chai bado!"

"Chai itakungojea. Kunywa dawa kwanza."

Drocella alikuwa na tansio. Ndivyo watu wa huko wanavyouita ugonjwa wa shinikizo la damu. Damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuumwa popote, na wakati huo inaharibu moyo, figo na ubongo polepole.

Yeye aliijua mwezi wa kwanza, alipopata kizunguzungu akiwa Goma. Daktari wa huko alimpima, akaandika kwenye kadi: 17/10. Akampa vidonge. "Kimoja kila asubuhi," alisema. "Kisha mwezi moja, upimwe tena kwenu Gisenyi."

Faradji aliiogopa tansio sana. Mama yake mzazi alilala mzima, akaamka mdomo umepinda. Hakusema tena neno hata moja mpaka alipofariki. Ndiyo maana mzee huyu aliulizia vidonge kabla ya chai.

Mwezi ulipokwisha, Drocella alikwenda kwenye kituo cha afya. Ilikuwa siku ya soko, akaipoteza. Alikaa kwenye laini tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Muuguzi alikuwa msichana mmoja aitwaye Umurerwa, aliyezaliwa na kukulia Tanzania. Alimpima haraka, maana watu arobaini walikuwa wanangoja.

"Bado iko juu kidogo, mama. Endelea na dawa," alisema. Akaandika kwenye kadi mpya: 152/94.

Drocella alikuwa ameisahau kadi ya Goma nyumbani. Kwa hiyo Umurerwa hakuiona.

Lakini Faradji aliziona zote mbili. Aliziweka kadi pamoja juu ya meza ya cherehani. Akasoma. Akasoma tena. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, mdomo wake ulinyamaza.

Wakati huohuo aliingia jirani yao, Onésphore, kuchukua suruali yake. Onésphore alikuwa karani mstaafu wa posta. Mtu huyu alivaa tai hata akienda kuteka maji bombani.

"Onésphore, we ni mutu wa bureau, mutu wa ofisi," Faradji alisema. "Nisomee hapa."

Onésphore alivaa miwani. "Mwezi wa kwanza, dix-sept. Kumi na saba. Mwezi wa pili, cent cinquante-deux. Mia moja na hamsini na mbili." Akavua miwani. "Mais non! Hii imepanda karibu mara tisa!"

"Njo vile na mi nimeona! Juu ya nini inapanda vile?"

"Bon, tufikiri kama watu wa bureau. Mbele ya kidonge, kumi na saba. Kisha kidonge, mia moja na hamsini na mbili. Donc, ni kidonge."

Faradji alichukua vidonge vyote, akavitia ndani ya kopo la vifungo, akafunika.

"Mama Belise, hii dawa inataka kukuua."

"Lakini muganga amesema niendelee."

"Muganga iko na watu makumi ine kwa laini. Mi niko na muke moja tu."

Utamjibu nini mume anayesema hivyo? Drocella alicheka, akampiga begani, akaacha dawa.

Msomaji, usimcheke Faradji haraka. Hakuwa mjinga. Alijua kusoma, alijua hesabu, na alimpenda mke wake. Alikosa kitu kimoja tu: hakurudi kumuuliza muuguzi.

Wiki ya kwanza Drocella hakusikia kitu. "Unaona?" Faradji alisema kwa furaha. Wiki ya pili kichwa kilianza kumuuma kwa nyuma, karibu na shingo. Faradji akampikia makayabu, wale samaki wa chumvi kutoka Goma, kwa sababu mke wake aliwapenda, na Faradji alitaka apate nguvu. Alimpikia siku tatu mfululizo. Maskini, hakujua kwamba chumvi nyingi inapandisha tansio.

Wiki ya tatu damu ilimtoka Drocella puani akiwa bariyeri. Wanawake wenzake walimsindikiza mpaka nyumbani. Kesho yake, Jumamosi, hakwenda popote. Alikaa kwenye kiti, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, amefumba macho.

Asubuhi hiyo mteja alipiga hodi. Alikuwa Umurerwa, na blauzi nyeupe mkononi.

"Shikamoo, mzee. Naomba unipunguzie hii blauzi kwenye mabega."

"Marahaba. Ingia, mutoto yangu. Nasikia we ni wa Tanzania, kule wanasalimu muzuri sana..." Faradji alianza, lakini Umurerwa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Drocella.

"Mama, si ulikuja kwetu kupimwa? Unaumwa nini?"

"Kichwa, mutoto yangu. Tangu juzi sioni muzuri."

"Dawa unameza?"

Drocella alimtazama mume wake. Hapo Faradji alilipuka.

"Dawa gani? Ile sumu? Mulimupa vidonge, tansio ikapanda kutoka kumi na saba mpaka mia na hamsini na mbili! Mi nimezificha. Ndiyo, mi mwenyewe!" Akazitupa kadi mbili mezani. "Soma!"

Umurerwa alisoma. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akamsogezea mzee ile blauzi.

"Mzee, usinikasirikie. Nipimie kwanza mkono wa blauzi hii."

"Yee? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tafadhali."

Faradji alivuta mita yake ya kitambaa iliyokuwa shingoni. Hasira au si hasira, mteja ni mteja. "Mukono mufupi. Kumi na saba."

"Kumi na saba nini?"

"Sentimita! Mi napima na nini kingine?"

"Na hivi vistari vidogo vilivyo katikati?"

"Hizo ni milimita. Kumi ndani ya sentimita moja. Kila mutu anajua."

"Basi nihesabie mkono huohuo kwa vistari vidogo."

"Mia moja na sabini."

"Mkono umerefuka?"

"Umerefuka namna gani? Ni mukono ileile, mi nimebadilisha tu..." Faradji alikwama. Aliitazama mita. Akazitazama kadi. Akaitazama mita tena.

"Daktari wa Goma alihesabu kwa sentimita," Umurerwa alisema taratibu. "Mimi nilihesabu kwa milimita. Kituoni tuna mashine yenye bomba la zebaki. Zebaki inapanda pembeni ya vistari, na sisi tunasoma vistari. Kumi na saba yake ni mia moja na sabini yangu."

"Mia na sabini," Faradji alinong'ona. "Kisha mia na hamsini na mbili. Ilikuwa imeshuka?"

"Ilikuwa imeshuka, mzee. Dawa ilikuwa inafanya kazi."

Faradji alikaa kitako juu ya rundo la vitambaa. Miaka thelathini ameishi na mita shingoni, na namba ya mita ndiyo iliyomdanganya! Machozi yalimtoka mbele ya mteja, wala hakuyaficha.

"Mama Belise, unisamehe. Mi njo nimekugonjesha."

"Nyamaza kwanza," Drocella alisema bila kufumbua macho. "Kichwa kinauma. Kulia utalia kesho."

"Na mimi nisamehe, mama," Umurerwa alisema. "Nilikuona mara moja, nikaandika namba, nikaita mwingine. Sikukueleza kitu."

Alikimbia kituoni, akarudi na mashine. Tansio ya Drocella ilikuwa 188/116.

"Hii haingoji Jumatatu," alisema. "Namba kubwa namna hii, pamoja na kichwa kuuma na macho kutoona vizuri, ni hospitali leo hii. Mtu akiishiwa nguvu mkono mmoja, au mdomo ukipinda, au ulimi ukiwa mzito, au kifua kikibana, ni hivyohivyo. Usilale kwanza. Usingoje kesho."

Onésphore aliitwa, akakimbia kutafuta gari, tai imerukia mgongoni. Njia yote mpaka hospitali Faradji alimshika mke wake mkono. Hakusema kitu. Drocella alisema baadaye kwamba ukimya ule ndio uliomtisha kuliko ugonjwa.

Mungu mkubwa. Alilazwa siku tatu, tansio ikashushwa polepole, na hakupata kupooza. Daktari alimrudishia dawa. "Mama, tansio haiponi kama malaria," alimwambia. "Ukijisikia vizuri, ni kwa sababu unameza dawa. Usiache bila kuuliza. Na tunahitaji kujua namba zako mara kwa mara, si mara moja kwa miezi miwili."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Walipofika nyumbani, Umurerwa alikuja kumwona mgonjwa, na Drocella alimwambia wazi.

"Mutoto yangu Umurerwa, laini yenu inakula siku muzima. Nikikosa soko, hakuna chakula. Na nikifika kwenu nimetembea, nimechoka, nimekasirika. Tansio itashuka namna gani?"

Umurerwa alifikiri. Kituoni palikuwa na mashine nyingine ndogo, ya betri. Wageni fulani waliiacha. Ilikuwa ndani ya kabati, haina kazi. Alikwenda kumwomba mkuu wa kituo iwekwe Mbugangari. Mkuu alikubali, kwa masharti: mtu afundishwe, aandike namba zote kwenye daftari, na daftari liletwe kituoni kila wiki.

"Atakaa nayo nani?" Faradji aliuliza.

"Mzee, katika mtaa huu watu wanakwenda kwa nani kila siku kupimwa?"

Faradji aligeuka huku na huku kutafuta mtu huyo. Drocella akaangua kicheko. "Ni wewe, Baba Belise! Watu wanakuja kwako kupimwa kifua na kiuno. Sasa watapimwa na tansio."

Mafunzo yalianza Jumapili baada ya misa. Onésphore ndiye aliyejitolea kupimwa. Faradji alimfunga ule mkanda wa mashine juu ya sweta, kwa haraka, kama mtu anayepima koti.

"Hapana, mzee," Umurerwa alisema. "Mkono uwe wazi. Sweta inadanganya mashine. Na Onésphore amekuja mbio, amekunywa kahawa, amekunja miguu. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Mtu asinywe kahawa wala chai, wala asivute sigara, nusu saa kabla ya kupimwa. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu miwili chini. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Kisha atulie dakika tano.

"Dakika tano?" Faradji aliuliza. "Bila kuongea?"

"Bila kuongea. Yeye na wewe pia. Maneno yanapandisha namba."

"Ya Rabi!" Faradji alisema. Dakika moja haikupita. "Onésphore, ile suruali yako, nimeona mufuko iko na..."

"Baba Belise!"

Ilibidi Drocella ajifunze pia, ili awepo mtu mmoja anayeweza kunyamaza. Alijifunza haraka kuliko mume wake. Aliwaeleza majirani vizuri, kwa maneno yake: "Namba ya juu ni wakati moyo inasukuma. Namba ya chini ni wakati moyo inapumzika. Tunapima mara mbili, tunangoja dakika moja katikati, tunaandika zote. Ikifika mia na arobaini juu, ao makumi kenda chini, usiogope, lakini urudi kesho na kesho kutwa. Ikibaki vile, unaenda kwa muganga. Hapa hatugawe dawa, na hatukatazi dawa."

Sentensi hiyo ya mwisho aliisema akimtazama Faradji.

Namba nazo zilipatiwa dawa yake. Mtaani kulikuwa na watu waliotibiwa Goma, na wengine waliorudi kutoka Tanzania na Uganda. Kila mmoja alikuja na kadi yake na lugha yake ya namba. Onésphore, kwa mwandiko mzuri wa posta, aliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: KUMI NA NNE YA GOMA NI MIA MOJA NA AROBAINI YA HAPA. NI KITU KIMOJA. USIACHE DAWA.

Watu walikuja. Asubuhi mapema walikuja wanawake wa bariyeri kabla ya kuvuka. Walikaa kwenye benchi la Faradji dakika zao tano, kimya, vikapu vikiwa miguuni. Mpaka mvua za mwaka zilipoanza, watu sitini na wawili walikuwa wamepimwa. Kumi na tisa walikuwa na tansio, na kumi na mbili kati yao hawakujua kabisa. Umurerwa aliwapokea kituoni siku ya Alhamisi, na daftari mkononi, bila laini ndefu.

Drocella alijipima mara mbili kwa wiki. Makayabu alikula mara chache, tena baada ya kuwaloweka na kumwaga maji ya chumvi. Namba zake zilishuka: 160, 150, 142. Asubuhi moja mashine ilionyesha 132/80. Faradji aliishika mashine ile, akaibusu.

"Sasa kaa," Drocella alimwambia.

"Nani, mimi?"

"Umepima Mbugangari muzima. Wewe hujapimwa."

"Mi siumwi kitu. Mutu mwenye anaongea vile, iko na tansio wapi?"

"Kaa, Baba Belise. Na ufunge mudomo."

Alikaa. Drocella alimkunja mkono wa kanzu, akamfunga ule mkanda vizuri, si juu sana, si chini sana. Faradji alinyamaza dakika tano kamili. Mashine ikavimba, ikapumua. Drocella alisoma namba, akapima mara ya pili. 172/104. Kesho yake, vilevile. Kesho kutwa, vilevile.

Kwenye kituo angeenda lini? Mtu anayejisikia mzima hapotezi siku kwenye laini. Kama mashine ile isingekuwa nyumbani mwake, asingejua mpaka siku angeamka kama mama yake alivyoamka.

Siku ya nne alirudi kutoka kwa Umurerwa na vidonge vyake mfukoni. Alikaa karibu na mke wake, sauti imeshuka.

"Nilikuwa naogopa utakufa, utaniacha," alisema. "Kumbe mi njo nilikuwa mbele kwa ile njia."

Drocella alimimina maji kwenye vikombe viwili, akamsogezea kimoja.

"Mbele unaenda wapi bila mimi?" alisema. "Meza, mume wangu. Kisha tutakunywa chai."